Picha hii imetoka wapi? Historia ya Fomu 34A kwa macho ya mwandika programu

Leo tuweke msimbo kando kidogo tusome historia.

Tangu programu za akili mnemba zianze kutengeneza picha zinazofanana kabisa na za kweli, kuna swali ambalo naulizwa karibu kila wiki hapa Kakamega: "Wewe uliyesomea kompyuta, nikikutumia picha unaweza kuniambia kama ni halisi?" Jibu langu huwa haliwafurahishi watu. Mara nyingi siwezi, kama nimepewa hiyo picha peke yake. Nikipata kitu kingine cha kuilinganisha nacho, hapo tunaweza kuzungumza.

Watu hudhani jibu limefichwa ndani ya faili, na kwamba fundi mzuri ataliona akiwa na programu nzuri. Ukweli ni kwamba sehemu kubwa ya jibu iko nje ya faili: nani aliipokea picha kwanza, nani alipata nakala mapema, na je, nakala hizo bado zinakubaliana? Sisi Wakenya tumejifunza somo hili kwa bei ghali kuliko mataifa mengi, na tulijifunza kupitia karatasi moja. Karatasi hiyo ni Fomu 34A.

Kwa wale wasiojua: Fomu 34A ndiyo inayoandikwa matokeo ya kura za urais katika kituo kimoja cha kupigia kura. Afisa msimamizi wa kituo hujaza kura za kila mgombea na kutia sahihi, na mawakala wa vyama nao hutia sahihi. Mawakala hupewa nakala, nyingine hubandikwa mlangoni, karatasi hupigwa picha na kutumwa Nairobi, kisha karatasi yenyewe husafiri. Katika uchaguzi wa 2022 vituo vilikuwa 46,229. Sidhani kuna picha iliyowahi kuchunguzwa na macho mengi nchini Kenya kuliko hizo.

Tuanze mbali kidogo.

Rekodi iliyotawanyika

Mwaka 1988, katika mchujo wa chama cha KANU, Wakenya walipiga kura kwa mlolongo. Ulisimama nyuma ya mgombea wako, au wakala wake, au picha yake, kisha mkahesabiwa. Aliyepata asilimia 70 au zaidi alipita moja kwa moja bila kuingia katika kura ya siri. Wazee wanaokumbuka wakati ule watakuambia habari za milolongo mifupi iliyoshinda mirefu.

Kwa macho ya mwandika programu, tatizo la mlolongo ni rahisi kulieleza. Rekodi ya kura ilikuwa miili ya watu wenyewe. Afisa akishatangaza namba na watu wakaenda nyumbani kula, rekodi imekufa. Hakuna wa kurudi kuhesabu. Kilichobaki ni namba moja katika mkono wa mtu mmoja, na hakuna nakala ya pili ya kuilinganisha nayo. Huo ndio mfumo mbaya zaidi unaoweza kuujenga: kuandika mara moja, mahali pamoja, bila kumbukumbu.

Kura ya siri ilirudi pamoja na vyama vingi mwaka 1992. Lakini masanduku bado yalibebwa kutoka kituoni hadi mahali pa kuhesabia, na kila safari ya sanduku ilikuwa nafasi ya mashaka. Ni mwaka 2002 ndipo kura zilipoanza kuhesabiwa kituoni penyewe, mbele ya mawakala wote, kabla sanduku halijaondoka. Sikumbuki mtu akiyasifu mabadiliko hayo kama teknolojia, lakini ni teknolojia. Namba ilianza kuzaliwa hadharani.

2007: namba bila karatasi

Namba ikizaliwa hadharani, bado inahitaji kusafiri. Hapo ndipo tulipoanguka.

Uchaguzi wa tarehe 27 Desemba 2007 ulitumia Fomu 16A kituoni. Matokeo yalipigwa simu Nairobi, na fomu zikafuata nyuma kwa mikono ya watu. Katika ukumbi wa KICC kulikuwa na namba zilizotangazwa, namba zilizopigwa simu na namba zilizoandikwa, na hazikukubaliana. Tarehe 30 Desemba mwenyekiti wa Tume ya Uchaguzi ya Kenya, Samuel Kivuitu, alitangaza mshindi. Siku chache baadaye aliwaambia waandishi wa habari kwamba hajui kama aliyemtangaza alishinda kweli.

Zaidi ya watu 1,100 waliuawa na mamia ya maelfu wakafukuzwa makwao. Nilikuwa mtoto wa shule ya msingi, na sikujua Fomu 16A ni nini. Nilijua tu kwamba barabara zimefungwa.

Tume ya uchunguzi iliyoongozwa na Johann Kriegler, jaji mstaafu wa Afrika Kusini, ilitoa ripoti yake Septemba 2008. Wengi walitarajia iwaambie nani alishinda. Ripoti ilisema haiwezekani kujua, kwa sababu rekodi zenyewe zilikuwa zimechafuka kiasi cha kutosafishika. Soma tena hapo, ndugu msomaji. Hawakusema fulani aliiba kura kadhaa. Walisema historia ya namba hizi imepotea, na ikishapotea hakuna mtaalamu wa kuirudisha.

Ukifuta kumbukumbu za mfumo wako leo, huwezi kuajiri fundi kesho akuambie jana kulitokea nini. Kenya ilijifunza hilo kwa damu.

2013: namba bila picha

Baada ya hapo tume ile ilivunjwa, na kwa muda tukafanya vizuri. Katika kura ya maoni ya katiba, tarehe 4 Agosti 2010, tume ya muda iliyoongozwa na Issack Hassan ilituma matokeo ya awali kwa simu za mkononi, na nchi ikalala usingizi. Tukaamini teknolojia imetuokoa.

Mwaka 2013 tulipata jibu. Tarehe 4 Machi mashine za kutambua wapiga kura zilizimika katika vituo vingi, na mfumo wa kutuma matokeo ukaelemewa. Wakati huohuo skrini za taifa zilionyesha kura zilizoharibika zaidi ya 300,000, zikipanda kila saa. Baadaye tume ilieleza kwamba kulikuwa na kosa la programu: namba ya kura zilizoharibika ilikuwa ikizidishwa kwa nane. Tume ikarudi kwenye karatasi na kujumlisha kwa mkono.

Waandika programu wenzangu hupenda kucheka kosa hilo la nane. Mimi naona jambo kubwa zaidi lilikuwa hili: simu za 2013 zilituma namba tu, bila picha ya fomu. Namba ikifika Nairobi ikiwa na kasoro, aliyeko Nairobi hakuwa na kitu cha kuitazama aseme, "Hapana, karatasi ya Shinyalu inasema vingine." Namba iliyofika bila chanzo chake ni uvumi wenye tarakimu.

2017: picha bila kumbukumbu

Kwa hiyo sheria ikabadilishwa. Kuelekea 2017, Sheria ya Uchaguzi ilitaka matokeo ya urais yatumwe kielektroniki kutoka kituoni, na fomu zichapishwe katika tovuti ya umma. Vishikwambi vya KIEMS vilinunuliwa. Afisa aliingiza namba, akapiga picha fomu, akatuma vyote viwili pamoja.

Mahakama nayo iliweka msingi wake. Tarehe 23 Juni 2017, katika kesi ya Maina Kiai, Mahakama ya Rufaa iliamua kwamba matokeo yaliyotangazwa katika eneo bunge ni ya mwisho, na Nairobi haina ruhusa ya kuyabadilisha. Kwa lugha yetu: rekodi ikishaandikwa pale ilipozaliwa, hakuna aliye juu yake mwenye haki ya kuihariri. Nairobi inasoma na kujumlisha tu.

Mwishoni mwa Julai, siku chache kabla ya kura, Chris Msando, meneja wa teknolojia wa IEBC aliyekuwa akieleza mfumo huo kwenye runinga, alikutwa ameuawa. Ukiandika historia ya mifumo hii bila jina lake umeandika nusu.

Kura zilipigwa tarehe 8 Agosti. Namba zilimiminika kwenye skrini usiku kucha, lakini picha za fomu hazikumiminika nazo. Tume ilikuwa imetangaza kwamba vituo 11,155 haviko katika eneo lenye mtandao wa 3G au 4G. Mshindi alitangazwa tarehe 11 Agosti huku maelfu ya fomu yakiwa hayajaonekana na umma. Mahakamani, mawakili wa tume walieleza kwamba namba zilizoonyeshwa kwenye skrini zilikuwa takwimu tu, si matokeo.

Kisha Mahakama ya Juu ikafanya jambo ambalo kila mwandika programu angepaswa kulisoma. Iliagiza walalamishi wapewe ruhusa ya kusoma, bila kubadilisha chochote, seva za tume na kumbukumbu zake: nani aliingia, lini, na alifanya nini. Tume haikutimiza agizo hilo kikamilifu. Msajili wa mahakama alipokagua fomu za karatasi, alikuta kati ya Fomu 34B, zile za maeneo bunge, 56 hazikuwa na alama ya usalama iliyotiwa ndani ya karatasi, na 31 hazikuwa na nambari za mfululizo. Nyingi pia hazikuwa zimejazwa sehemu ya kukabidhi na kupokea.

Sehemu hiyo ya mwisho ndiyo inayonigusa. Mstari wa "nimekabidhi" na "nimepokea" ulikuwa umechapishwa tayari, unangoja sahihi. Aliyebuni fomu alijua kwamba historia ya karatasi ni mikono iliyoipitia. Walioitumia waliona ni mapambo.

Tarehe 1 Septemba 2017, kwa majaji wanne dhidi ya wawili, uchaguzi wa urais ulifutwa. Ilikuwa mara ya kwanza barani Afrika mahakama kufuta ushindi wa rais aliyeko madarakani. Mahakama haikusema imeona kura zikiibwa. Ilisema mchakato haukuweza kuthibitishwa, na aliyekataa kufungua seva hawezi kulalamika akifikiriwa vibaya.

Tuwe wa haki: Jaji Njoki Ndung'u, mmoja wa wawili waliopinga, alizikagua mwenyewe fomu zilizolalamikiwa na akaandika kwamba malalamiko mengi hayakusimama karatasi halisi zilipotazamwa. Naamini pande zote mbili zilikuwa zikisema kitu kimoja bila kukubaliana. Huwezi kuhukumu nakala mpaka uione asili, na huwezi kuiamini asili kama hujui ilikopita.

2022: wote tunatazama

Kabla ya kura za 2022, sisi wa Kakamega tulipata darasa letu wenyewe. Tarehe 8 Agosti, siku moja kabla ya uchaguzi, mwenyekiti wa IEBC Wafula Chebukati alisimamisha uchaguzi wa ugavana hapa Kakamega na kule Mombasa. Karatasi za kura zilizochapishwa Ugiriki zilikuwa zimefika na picha na maelezo ya wagombea yasiyo sahihi. Karatasi zilikuwa halali, zimetoka kwa mchapishaji halali, na zilikuwa na makosa. Tulipiga kura ya gavana tarehe 29 Agosti. Kwa hiyo mtu akikuambia kwamba kujua asili ya kitu ni sawa na kujua kwamba kitu hicho ni sahihi, mpeleke Kakamega.

Kwa upande wa urais, tume ilifanya jambo la ujasiri. Ilifungua tovuti na kuweka picha za Fomu 34A zilivyofika, zote, kwa mtu yeyote mwenye intaneti. Haikuweka jumla. Ilikuwa kama kusema: karatasi hizi hapa, jumlisheni wenyewe. Vyombo vya habari vikaanza kujumlisha na kila kituo cha runinga kikawa na namba zake, kwa sababu kila kimoja kilisoma fomu kwa mpangilio wake. Vijana wengi wa programu, mimi nikiwemo, tuliandika programu ndogo za kupakua fomu na kujaribu kuzisoma kwa kompyuta. Mwandiko wa maafisa wetu ulitushinda. Saba ya mmoja ni moja ya mwingine.

Tarehe 15 Agosti William Ruto alitangazwa mshindi kwa kura 7,176,141 dhidi ya 6,942,930 za Raila Odinga. Makamishna wanne kati ya saba waliyakana matokeo hayo. Tofauti ilikuwa kura 233,211. Gawanya kwa vituo 46,229 utapata kura tano kwa kituo. Na kwa kuwa kura ukiihamisha kutoka kwa mmoja kwenda kwa mwingine hubadilisha tofauti kwa mbili, kura tatu kwa kila kituo zingetosha kugeuza nani anaongoza. Kwenye picha, hiyo ni tarakimu moja tu iliyoguswa kidogo. Sasa unaona kwa nini swali la "picha hii imetoka wapi" si la mafundi peke yao.

Ombi lililofika Mahakama ya Juu lilidai hasa hilo: kwamba fomu zilidakwa njiani kati ya kituo na tovuti, zikabadilishwa, kisha zikawekwa. Tuhuma za uhariri wa picha, za wazi kabisa. Mahakama ilijibuje? Haikuanza na pikseli. Iliagiza ukaguzi wa seva na kuhesabiwa upya kwa kura katika vituo 15, kisha ikalinganisha: karatasi asili, picha ya tovuti, nakala zilizodaiwa kutoka kwa mawakala. Tarehe 5 Septemba 2022 majaji wote saba, wakiongozwa na Jaji Mkuu Martha Koome, walisema hawakuona tofauti kubwa kati ya fomu za tovuti na zile za karatasi zilizofikishwa Bomas ambazo zingebadilisha matokeo. Baadhi ya nakala zilizoambatishwa kwenye hati za viapo ndizo zilizotofautiana na nyingine zote.

Kisha likaja jambo ninalowasimulia kila mara vijana wanaoanza kazi hii. Ushahidi mwingine ulikuwa picha za kumbukumbu za seva, zilizodaiwa kuonyesha wageni wakiingia kwenye mfumo. Mahakama ilisema baadhi ya kumbukumbu hizo zilikuwa za uchaguzi wa 2017, na nyingine zilikuwa za kughushi kabisa.

Fikiria. Tulikuwa na picha tunazozishuku, tukaleta kumbukumbu ili kuzithibitisha, na kumbukumbu zenyewe zikawa ndizo za uongo. Mtu anayeweza kughushi picha anaweza pia kughushi maelezo ya picha. Kilichookoa hali ni kwamba nakala za fomu zilikuwa zimeshatawanyika mikononi mwa watu wasiopendana, kabla yeyote hajajua ni tarakimu gani itahitajika kubadilishwa.

Kompyuta inasemaje

Wenzetu wa kompyuta wameyapitia haya pia, kwa njia yao.

Tangu 1995 kuna kanuni ya EXIF, inayowezesha kamera kuandika ndani ya picha saa, tarehe, aina ya kamera na baadaye hata mahali. Ni maelezo mazuri, ila yeyote anaweza kuyahariri kwa sekunde kumi, na ukituma picha kwa WhatsApp huondolewa kabisa.

Kisha kuna heshi, ambayo naweza kuiita alama ya kidole ya faili. Fungua Linux yako uandike:

    sha256sum fomu.pdf

Utapata herufi na tarakimu 64. Badilisha pikseli moja, karibu zote zinageuka. Programu ya git tunayoitumia kila siku, aliyoianzisha Linus Torvalds mwaka 2005, imejengwa juu ya wazo hilo: kila badiliko hubeba heshi ya lililotangulia, kwa hiyo huwezi kuchomoa ukurasa wa katikati bila kitabu kizima kulalamika.

Lakini tuwe waangalifu. Heshi husema faili hizi mbili ni sawa au si sawa. Haisemi ipi ni ya kweli. Wakala akipiga picha karatasi ileile kwa simu yake, heshi itakuwa tofauti na ya picha ya KIEMS, na hakuna aliyeiba kitu. WhatsApp ikibana picha, heshi inabadilika, na bado hakuna aliyeiba kitu. Ukimsikia mtu jukwaani akisema "heshi hazilingani, tumeibiwa", mwulize kwanza analinganisha nini na nini.

Historia ninayoipenda zaidi ni ya Stuart Haber na Scott Stornetta. Mwaka 1991 waliandika jinsi ya kuthibitisha kwamba hati ya kompyuta ilikuwepo tarehe fulani, bila kumwamini mtunza saa yeyote. Dawa yao ilikuwa kuunganisha heshi za hati zote na kuitangaza heshi ya mwisho hadharani. Tangu 1995 kampuni yao, Surety, ililipia tangazo dogo kila wiki katika gazeti la New York Times lenye heshi hiyo. Ili kughushi ungelazimika kukusanya kila nakala ya gazeti hilo, maktabani na majumbani. Soma hapo, kisha ufikirie ile fomu iliyobandikwa kwenye mlango wa darasa. Ni wazo lilelile, bila hesabu.

Mwaka 2021 Adobe, Arm, BBC, Intel, Microsoft na Truepic waliunda C2PA, kanuni inayoipa picha kitabu chake cha safari: kamera ipi iliipiga, nani aliikata, nani aliongeza mwanga, na kila hatua ina sahihi ya kidijitali. Leica ilitoa kamera ya kwanza yenye kanuni hiyo Oktoba 2023. Ni hatua nzuri na naiunga mkono. Lakini sahihi ya kidijitali inategemea ufunguo, na ufunguo unategemea anayeutunza. Mwaka 2025 Nikon ililazimika kubatilisha vyeti vyake baada ya mtumiaji kuonyesha kwamba kamera yao inaweza kutia sahihi kwenye picha ambayo haikustahili.

Sheria yetu, kwa njia yake, ilishaliona hilo. Tangu 2009 Sheria ya Ushahidi, katika kifungu cha 106B, hutaka rekodi ya kielektroniki iambatane na cheti kinachoeleza ilitolewa vipi na kwa kifaa gani. Mwaka 2014 kikaongezwa kifungu cha 78A, kinachoitaka mahakama itazame jinsi ushahidi ulivyotengenezwa, ulivyohifadhiwa na ulivyotumwa. Bunge halikuuliza "picha ni nzuri?" Liliuliza "imepita wapi?"

Kuelekea Agosti 2027

Uchaguzi mkuu ujao ni tarehe 10 Agosti 2027. Ukipita sokoni hapa mjini ukauliza, utaambiwa hatari kubwa ni akili mnemba. Ni kweli kwamba siku hizi mtoto wa kidato cha pili anaweza kutengeneza Fomu 34A yenye mikunjo, kivuli cha mkono na sahihi tatu. Ataisambaza saa nne usiku na kufikia saa tano itakuwa imefika Lugari na Khwisero.

Lakini historia niliyoisimulia inasema kwamba hatari yenyewe ni ya zamani. Mwaka 1988 hapakuhitajika kompyuta. Mwaka 2007 simu ya mezani ilitosha. Kilichotuumiza kila mara ni kuachwa na nakala moja, na kilichotusaidia kila mara ni kuwa na nakala nyingi zilizoachana mapema.

Kwa hiyo ningependa mambo matatu. Kwanza, tume itangaze kila jioni heshi za fomu zote zilizofika, gazetini kama Surety, ili picha iliyofika Jumanne isiweze kubadilishwa Alhamisi bila nchi kujua. Pili, kifungu cha 39(1C) cha Sheria ya Uchaguzi kinachotaka fomu zichapishwe mtandaoni kinahusu urais. Lakini tarehe 27 Novemba 2025 watu wa Malava walirudi vituoni kumchagua mbunge, na Fomu 35A ya mbunge ina uzito uleule kwa mtu wa Malava. Iwekwe nayo.

La tatu ni letu wenyewe, na ni la bure. Kura zikishahesabiwa, nenda mlangoni ukaipige picha fomu. Usiirushe kwenye kundi. Kila mtu atarusha. Itunze kwenye simu yako kama ilivyo, na jirani wa chama kingine atunze yake. Siku moja mtu atakuja na karatasi nzuri kuliko zenu, yenye sahihi zote na kivuli cha mkono. Mkae mezani, mtoe simu zenu mbili, mlinganishe namba kwa macho.

Haya, kwa leo tuishie hapo. Wiki ijayo tunarudi kwenye msimbo.